Ngano ya baridi na maji: shida ni lini, sio kiasi gani

Swali nalopigwa sana kwenye kazi yangu ya agronomia ni hili, eti ngano ukiimwagilia zaidi si ndo unavuna zaidi? Hapana, inafika mahali inagoma. Chukua uwanda wa kaskazini mwa China, Hebei na Shandong huko. Ngano inapandwa Oktoba, inalala kwenye baridi miezi kadhaa, inavunwa Juni (hiyo baridi ni lazima, bila hiyo haitoi mashuke vizuri, ndo maana Hanang na Narok tunapanda aina zisizohitaji baridi). Sasa mvua nyingi kule inakuja Julai na Agosti, ngano ishatoka shambani! Msimu mzima inataka kama milimita 450, mvua inaleta 100 hadi 150 hivi, pengo linazibwa na visima, na kwa miaka mingi sehemu zingine maji ya ardhini yalikuwa yanashuka karibu mita nzima kwa mwaka. Milimita 1 kwenye hekta 1 ni lita 10,000, kwa hiyo ukifungulia pampu mara moja tu kwa milimita 75 umeshamwaga lita 750,000. Inaniuma kuona zinapotea bure.

Na zinapotea hivi: ukimwagilia mapema sana, mmea unatoa machipukizi kibao ambayo mengi hayafikishi shuke, shina linarefuka, upepo ukipita ngano inalala chini. Ukimwagilia sana mwishoni nako mmea unabaki kijani, hauna haraka, sukari inabaki kwenye shina badala ya kuhamia kwenye punje, halafu pepo kavu za joto za mwisho wa Mei zinaukuta hivyo hivyo. Ikionja kiu kidogo mizizi inashuka hata mita 2 kufuata maji ya mvua za mwaka uliopita, na shina linamimina akiba yake kwenye punje.

Hapo ndo aina za mbegu zinapoachana. Aina mbili zinaweza kunywa maji karibu sawa kabisa ila moja ikakupa gunia zaidi, kwa sababu inapeleka sehemu kubwa ya chakula kwenye punje, majani baadaye. Kwa hiyo mimi nikipimia mbegu siangalii urefu wala ukijani, naangalia uzito wa punje kwa kila milimita iliyotumika.

Ukiwa na maji ya mara moja tu, mwagilia shina linapoanza kupanda, idadi ya punje inaamuliwa kuanzia hapo. Ya mara mbili, ongeza wakati wa kuchanua.