Megapikseli nyingi hazikuokoi ukumbini

Kuna hii imani watu wanayo, kwamba ukishakuwa na kamera ya megapikseli nyingi basi hata kama harusi unapiga mara moja moja tu, za marafiki na ndugu, picha zitatoka zenyewe. Hapana jamani. Megapikseli ni ukubwa wa picha tu, na kuprinti A4 safi ya nukta 300 kwa inchi unahitaji kama 9 hivi, sasa hizo 45 unazipeleka wapi?

Kinachokuumiza ni mwanga. Ukumbi giza, maharusi wanacheza, na ile lenzi iliyokuja na kamera ukizuumu mpaka mwisho inafunguka f/5.6 tu (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi linafunguka zaidi), wakati lenzi ya f/2.8 inaingiza mwanga mara 4 zaidi, yaani badala ya kupiga kwa sekunde 1/30 bibi harusi akatoka kama moshi, unapiga 1/125 kwa ISO ileile (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na anatulia. Mimi harusi ya kwanza niliogopa kupandisha ISO, nikang'ang'ana na 400, nikarudi na ukungu mtupu. Chenga za ISO 3200, vile vidoadoa kwenye picha, unazipunguza kwenye kompyuta, picha iliyotikisika ndo imeenda hivyo.

Flashi nayo usimmulike mtu usoni, igeuze idunde kwenye dari kama ni jeupe na haliko juu sana. Na kadi za kuhifadhia picha beba mbili, kamera ikiwa na nafasi mbili iandike zote kwa pamoja, maana hawavishani pete tena kisa kadi yako imekufa.