Kwa nini chanjo ya bakteria wa vidonda vya tumbo inachelewa?

Mwaka 1984, mjini Perth, Australia, daktari Barry Marshall alikunywa kikombe cha mchuzi uliojaa bakteria. Madaktari wenzake walishikilia kuwa vidonda vya tumbo vinatokana na mawazo na asidi; yeye aliamini chanzo ni bakteria hao, akataka kuthibitisha. Siku chache baadaye alianza kutapika, kinywa kikamnuka, na kipimo kikaonyesha ukuta wa tumbo lake umevimba. Mwaka 2005 yeye na mtafiti mwenzake, Robin Warren, walitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa ugunduzi huo.

Bakteria huyo, Helicobacter pylori, anaishi tumboni mwa karibu nusu ya watu duniani. Wengi hawaumwi, lakini wengine hupata vidonda, na baadhi saratani ya tumbo. Chanjo ingeokoa watu wengi mno. Iko wapi?

Shida ni kwamba bakteria huyu hatulii. Anaponakili vinasaba vyake hukosea mara nyingi, na akikutana na mwenzake huchukua vipande vya DNA na kuviunga kwenye vyake. Ukiwapima watu wawili wasio na undugu, ni nadra kukuta bakteria wao wanalingana. Tofauti hizo ni nyingi kiasi kwamba wanasayansi wamezitumia kufuatilia safari ya binadamu kutoka Afrika Mashariki, takribani miaka 58,000 iliyopita. Isitoshe, baadhi ya protini za ganda lake huziwasha na kuzizima. Kinga ya mwili ikishazoea sura moja, inakutana na nyingine.

Kwa hiyo watengenezaji wa chanjo hutafuta kile ambacho bakteria hawezi kukibadilisha akabaki hai. Mfano mzuri ni ureasi, kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia) cha bakteria huyu. Tumboni kuna urea, ileile tunayoijua kwenye mbolea. Ureasi huivunja ikawa amonia, na amonia hupooza asidi inayomzunguka bakteria hadi ajichimbie ndani ya ute. Akikosa ureasi, asidi inammaliza.

Nchini China, watoto zaidi ya 4,000 wa miaka 6 hadi 15 walishiriki jaribio la chanjo ya kunywa iliyotengenezwa kwa kipande cha ureasi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: mwaka wa kwanza ilikinga kwa takribani asilimia 72. Kwangu hiyo ni habari kubwa, ingawa kinga ilipungua baadaye. Ndiyo maana sasa watafiti hulinganisha vinasaba vya bakteria wa mataifa mbalimbali kwa kompyuta, wakichagua vipande kadhaa visivyobadilika ili waviunge katika chanjo moja.