Ngurumo kwanza, magurudumu baadaye

Jirani yangu hapa Igogo, Mwanza, mzee aliyestaafu kazi ya reli, alikuja kuitazama treni yangu ya mfano. Nikabonyeza honi, nikasukuma mwendo, kichwa kikachomoka. Mzee akaguna. "Mbona imeondoka kabla haijanguruma, kijana?" Dikoda ile nilidunduliza miezi kuinunua, na kumbe kosa halikuwa lake, lilikuwa langu.

Dikoda ni kadi ndogo inayokaa ndani ya kichwa cha treni. Reli zenyewe huipelekea umeme na amri kwa pamoja, kwa mfumo uitwao DCC. Kila kichwa kina namba yake ya kuitwa. Kikitoka kiwandani kwa kawaida huitikia namba 3. Kwenye kadi mna sauti zilizorekodiwa kutoka mashine halisi, pamoja na amplifaya ya kusukuma spika. Kwenye kidhibiti, batani F0 ni taa. Dikoda nyingi za Marekani, F1 ni kengele na F2 ni honi. Za Ulaya hupangwa vingine, kwa hiyo soma karatasi yake kabla hujamgombeza muuzaji.

Sasa turudi kwa mzee. Kwenye vichwa vingi vya dizeli, injini haizungushi magurudumu moja kwa moja. Inazungusha jenereta, jenereta inalisha mota zilizo kwenye ekseli. Dereva akiongeza, injini hunguruma kwanza, mota zikapata nguvu, ndipo mabehewa yanasogea, tena kwa shingo upande. Dikoda ina mipangilio yenye namba: 3 ni ya kupandisha mwendo, 4 ni ya kuupunguza. Yangu zote zilikuwa sifuri, ndiyo maana treni iliruka kama bodaboda taa zikiruhusu. Nikaweka 40 kwenye ya 3 na 30 kwenye ya 4, kisha nikawasha kipengele cha kuchelewesha kuondoka. Kama yako haina kipengele hicho, usiongeze mwendo kwa pupa. Panda hatua moja, sikiliza, panda nyingine.

Honi nayo ina ufundi wake. Imerekodiwa vipande vitatu: mwanzo, katikati na mwisho, na kile cha katikati hujirudia kadiri unavyoshikilia batani. Ukidonoa tu, inakohoa. Shikilia. Madereva wa Marekani wakikaribia makutano na barabara hupiga ndefu mbili, fupi moja, kisha ndefu nyingine, na ile ya mwisho huivuta hadi kichwa kifike barabarani.

Wenye vichwa vya mvuke, chukueni rangi nyeupe mtie nukta kwenye gurudumu la kuendeshea, ili mhesabu mizunguko. Injini ya silinda mbili hutoa pumzi nne, yaani milio ya mvuke ukitoka, kila gurudumu linapomaliza mzunguko. Kama unahesabu sita, rekebisha. Garratt, aina ya kichwa cha mvuke, ni kisa kingine kabisa, maana ina injini mbili chini ya boila moja, na pumzi zake mara huenda pamoja, mara hupishana. Reli ya Afrika Mashariki ilikuwa na Garratt 34 za daraja la 59, zenye majina ya milima. Mount Gelai iko makumbusho ya reli Nairobi. Dikoda inayoigiza seti moja tu ya pumzi haiwezi kuitendea haki mashine ile.

Spika ndiyo iliyonitia hasara. Ya kwanza niliifunga bila kiboksi, mlio ukatoka kama dagaa wanakaangwa, kwa sababu sauti ya nyuma ya spika huiua ile ya mbele. Lazima kiboksi kizibwe pande zote, hata kwa gundi. Nikiwa katika kuirekebisha, waya wa spika ukagusa fremu yenye umeme wa reli. Moshi kidogo, harufu kali, amplifaya kwaheri. Siku hizi nafunika kila kiungo cha waya kilichochomelewa kwa risasi kabla sijawasha chochote.

Mwisho, sauti ipunguzeni. Kwa kipimo cha 1:87, ukisimama mita moja kutoka mezani ni sawa na kusimama mita 87 kutoka reli halisi, na kutoka huko hakuna dizeli inayotikisa vikombe. Yangu nimeiweka theluthi ya ukomo wake. Dirisha likiwa wazi, meli ikipiga honi bandari ya Mwanza Kusini, ya kwangu haisikiki kabisa, na mzee husema hapo ndipo imekaa sawa.