Kupangia mafuta CG125 yenye bloku ya 62

CG125 ya Honda ilitoka mwaka 1976, na injini yake ya fimbo za kusukuma valvu, isiyo na cheni ya taimingi, imenakiliwa sana na viwanda vya China. Spea zake zinapatikana hata kwenye miji midogo, ndiyo maana watu wengi huanza nayo wanapotaka pikipiki ya zamani yenye nguvu zaidi. Wanatoa bloku ya milimita 56.5 na kuweka ya 62, wanabadilisha ekzosi, wanang'oa boksi la eya klina na kuchomeka kichujio cha koni. Mwendo wa pistoni unabaki uleule wa milimita 49.5, kwa hiyo injini inatoka cc 124 na kufika cc 149. Ni ongezeko la asilimia 20.

Kisha kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, inarudishwa kama ilivyokuwa, na hapo ndipo shida inapoanza.

Hapa gereji Arusha napokea nyingi za namna hii. Mwenye nayo huniambia inalia vizuri, ina wepesi ukigusa resi, ila barabara ndefu inachemka na kupoteza nguvu. Wepesi huo na sauti hiyo kali mara nyingi ni dalili za mchanganyiko mwepesi, yaani hewa imezidi petroli. Resi ikiwa imefunguliwa yote, mchanganyiko wa aina hiyo huipandisha joto injini inayopozwa kwa upepo, unaifanya igonge, unachoma valvu ya ekzosi, na mwisho pistoni inakwaruza bloku. Mchanganyiko mzito unachafua plagi na kula mafuta, lakini haukuui injini kwa safari moja. Kwa hiyo mimi huanza upande mzito na kushuka taratibu. Sijawahi kuona faida ya kuanzia upande wa pili.

Kabla ya kugusa jeti yoyote, yaani vile vipande vya kabureta vyenye tundu dogo la kupimia petroli, nakagua vitu ambavyo kabureta haiwezi kuvitibu. Valvu napima injini ikiwa baridi kabisa, nafasi ya milimita 0.08 kwa zote mbili. Plagi naweka mpya, D8EA, kwa sababu ya zamani imebeba rangi za makosa ya zamani. Halafu natafuta hewa inayopenya mahali pasipotakiwa: kati ya kabureta na silinda hedi kuna kipande cheusi cha kuzuia joto chenye o-ringi (mpira wa duara wa kuziba), na o-ringi hiyo ikiwa imebonyea, au mtu alikaza nati mpaka mdomo wa kabureta ukapinda, hewa inaingia bila kupita kwenye jeti. Dalili yake ni sailensa (mlio wa injini bila kugusa resi) isiyotulia na resi inayochelewa kushuka. Injini ikiwa bado haijapata joto, nanyunyizia dawa ya kusafishia kabureta kidogo kuzunguka ungio hilo; mlio ukibadilika, tundu lipo. Fanya hivyo nje, mbali na moto, na ekzosi ikiwa baridi.

Kiwango cha petroli kwenye bakuli la kabureta husahaulika kuliko kitu kingine chochote. Nachomeka mpira mwembamba unaopitisha mwanga kwenye tundu la kumwagia, naukunja kwenda juu, nafungua skrubu. Petroli inasimama kwenye mpira kwa urefu uleule iliousimamia ndani ya bakuli, nami nataka iwe chini kidogo ya ungio la bakuli na mwili wa kabureta. Ikishuka sana, pikipiki itaonekana ina jeti ndogo katika kila nafasi ya resi, na utanunua jeti mpaka uchoke. Hapohapo nakagua mtiririko kutoka tangini. Tundu la pumzi kwenye mfuniko wa tangi likiziba, au kichujio cha petroli kikijaa kutu, pikipiki inakwenda vizuri dakika moja ya resi nzima kisha inakufa nguvu, na ukipunguza resi kidogo inafufuka. Hiyo ni bakuli kuishiwa. Hakuna jeti itakayoiponya.

Watu wengi hudhani injini ikikua kwa asilimia 20 basi jeti nayo ikue kwa asilimia 20. Sivyo. Kabureta inavuta petroli kwa mnyonyo unaotokana na kasi ya hewa kwenye koo lake. Bloku kubwa ikivuta kupitia koo lilelile, kasi ya hewa inaongezeka, mnyonyo unaongezeka, na petroli inaongezeka yenyewe. Kwa hiyo bloku ya 62 peke yake, na eya klina ya awali ikiwa mahali pake, hudai mabadiliko madogo tu, na wakati mwingine haidai kabisa. Kinachodai jeti kubwa ni kile kinachoondoa kizuizi mbele ya kabureta. Ukitoa boksi la eya klina, hewa inaingia bila kubanwa, mnyonyo juu ya jeti unapungua, na petroli inapungua wakati hewa imezidi. Na ukiweka kabureta yenye koo pana zaidi, mnyonyo unashuka tena. Ndiyo maana kabureta kubwa huhitaji jeti kubwa hata injini isipobadilika.

Kichujio cha koni mimi sikipendi, nasema wazi. Upepo wa pembeni unakivuruga, mvua inakilowesha, na kwenye vumbi letu la barabara za Simanjiro kile cha bei nafuu kinapitisha mchanga unaosaga pistoni mpya. Nikiachiwa uamuzi, nabakiza boksi na kupanua mdomo wake wa kuingizia hewa. Lakini mwenye pikipiki akitaka koni, nafanya kazi na koni.

Sasa jeti. Msingi wa kazi nzima ni kwamba kila sehemu ya kabureta inatawala nafasi yake ya resi, si mzunguko wa injini. Injini inaweza kuzunguka mara 7,000 kwa dakika resi ikiwa robo tu, ukishuka mlima, na hapo jeti kuu haina usemi. Kutoka kufungwa hadi moja ya nane, inatawala jeti ya sailensa na skrubu yake. Moja ya nane hadi robo, ni mkato wa chini wa slaidi, kile kipande kinachopanda kwenye koo la kabureta ukivuta resi. Robo hadi robo tatu, ni sindano inayoning'inia kwenye slaidi, na nafasi ya klipu inayoishika. Robo tatu hadi mwisho, ni jeti kuu. Mipaka inaingiliana, lakini si kiasi cha kukupoteza. Nabandika tepu nyeupe kwenye mkono wa resi, nachora mistari ya robo, na mstari mmoja kwenye sehemu isiyozunguka. Dereva akiniambia inamisi, swali langu la kwanza ni: mstari ulikuwa wapi?

Naanza na jeti kuu kwa sababu petroli yote ya sindano inapita kwanza kwayo. Kwa CG ninayoisimulia, yenye kabureta ya PZ27, jeti kuu iliyomo ilikuwa namba 98. Niliweka 110 kwa makusudi, nikijua ni kubwa, nikaipeleka barabara ya Moshi kwenye kipande kirefu cha kupanda kidogo, gia ya tatu, resi yote. Ilibubujika na kukataa kusafika, kama nilivyotaka. Nikashuka 108, kisha 105, na kwenye 105 ikavuta safi hadi juu. Kisha jaribio la kuhakikisha: ikiwa inavuta resi nzima, rudisha resi nyuma kiasi cha unywele. Ikiongeza nguvu, jeti bado ni ndogo. Ikipungua nguvu kwa ulaini, uko sawa. Choki nayo inasema ukweli: ukiivuta kidogo tu wakati wa resi nzima na pikipiki ikapenda, inakuomba petroli.

Kutoka 98 hadi 105 inaonekana ni hatua ndogo, lakini namba za jeti za Keihin, watengenezaji wa kabureta, ni kipenyo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita, na petroli inapita kwenye eneo la tundu. Eneo hilo limeongezeka kwa asilimia 15. Jeti kubwa za pembe sita za Mikuni, watengenezaji wengine, hazihesabiwi hivyo; namba yake inatokana na kiasi kinachopita kwa dakika, kwa hiyo usichukue 105 ya huku ukaitafuta kule.

Na tafadhali, jeti haitobolewi kwa waya wala kwa sindano ya cherehani. Hatua kati ya jeti mbili ni sehemu mbili au tatu za mia za milimita, hakuna mkono unaoweza kuishika. Waya huacha mikwaruzo na kuharibu ukingo wa kuingilia, na ukingo huo una kazi sawa na kipenyo chenyewe. Jeti iliyotobolewa haina namba tena, na fundi atakayefuata baada yako hatajua anaanzia wapi. Bei ya seti ya jeti haikaribii bei ya bloku. Inaniuma kuona mtu anayelisha familia kwa pikipiki akipoteza injini kwa ajili ya waya.

Baada ya jeti kuu ndipo sindano. Klipu ikishuka, sindano inapanda na petroli inaongezeka; klipu ikipanda, inapungua. Resi nusu, gia ya nne, barabara tambarare: ikisitasita na kujivuta mbele-nyuma, shusha klipu nafasi moja. Ikiguna na kuwa nzito, ipandishe. Hapa ndipo pikipiki ya kazi inapoishi siku nzima, na hapa ndipo mafuta yanapoliwa au kuokolewa, kwa hiyo nakaa hapa muda mrefu kuliko kwenye jeti kuu.

Mwisho sailensa, injini ikiwa moto kabisa. Tazama skrubu iko wapi: ikiwa upande wa eya klina, inatawala hewa, na kuikaza kunaongeza uzito, ikiwa upande wa injini, inatawala petroli, na kuifungua ndiko kunakoongeza uzito. Anza mzunguko mmoja na nusu kutoka kwenye kukaza, zungusha polepole mpaka sailensa ipande juu kabisa, kisha ishushe kwa skrubu ya slaidi. Pahali pazuri pakiangukia chini ya mzunguko mmoja au zaidi ya miwili na nusu, badilisha jeti ya sailensa yenyewe. Ekzosi ikipigapiga ukiachia resi mteremkoni, mara nyingi ni wepesi wa hapa, au gaskiti ya ekzosi inavuja.

Kuhakikisha, nachukua plagi mpya, naendesha resi yote kwa umbali wa kutosha, nazima injini na kubana klachi kwa pamoja, naiacha itiririke hadi isimame pembeni salama. Rangi ya ncha ya juu haina maana sana kwa petroli ya siku hizi. Tazama ndani kabisa, pale kauri inapozama kwenye chuma: duara jembamba la kahawia ndilo ninalolitaka. Kauri nyeupe tupu ni onyo. Nukta ndogo zinazong'aa juu yake ni alumini ya pistoni, na hapo usiendeshe tena.

Kihisi cha oksijeni cha upeo mpana, kinachosoma uwiano wa hewa na petroli kwenye moshi wa ekzosi, kinafupisha kazi sana. Kwa petroli, uwiano wa kuungua kikamilifu ni 14.7 za hewa kwa 1 ya mafuta, lakini resi nzima kwenye injini ya upepo nataka karibu 12.8 hadi 13. Nati yake ichomelewe kwenye bomba la ekzosi, mahali ambapo kihisi kitasimama juu, kikiinuka angalau nyuzi 10, ili maji yasikae ndani yake. Na injini ikimisi, kihisi kitasoma wepesi hata kama petroli imezidi, kwa sababu kinaona oksijeni isiyoungua. Masikio bado yanahitajika.

Limebaki la mwinuko, na kwetu ni kubwa. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari, ambako uzito wa hewa ni pungufu kwa takribani asilimia 13 ukilinganisha na Tanga. Hewa ikipungua, mnyonyo nao unapungua, kwa hiyo kabureta inajirekebisha nusu ya njia, na kosa linalobaki ni karibu asilimia 7. Kwenye kipenyo cha jeti hiyo ni asilimia tatu na nusu. CG iliyotulia na 105 hapa, pwani inataka 108. Dereva akipanda kutoka Tanga na 108 ataona uzito na moshi kidogo, hataharibu kitu. Akishuka na 105 ndipo anapokwenda mwepesi, kwenye joto, barabara ndefu tambarare, resi yote. Kwa hiyo anayeshuka pwani namfungia 108 kabla hajaondoka, na 105 inakwenda kwenye kopo la vifaa chini ya kiti pamoja na bisibisi inayoenea sawasawa kwenye mtaro wake, ili airudishe akishapanda tena hadi Arusha.