Locke hakusema mtoto hana kipaji

Juzi tena, kwenye gati la kivuko cha Kamanga, hapa Mwanza. Kijana anapiga mbizi, abiria mmoja anasema, "Hawa wa Ukerewe huzaliwa wanajua kuogelea." (Nilimuuliza kijana: kwao si kisiwani Ukerewe, ni Shinyanga, bara.) Mwenzake, msomi, akamkatalia: "Locke alishasema mtoto huzaliwa mtupu, kipaji hakuna." Huyo wa kwanza hanisumbui. Huyo wa pili namsahihisha kila mwaka darasani, nimechoka.

Alichokana Locke, mwanafalsafa wa Uingereza, kwenye kitabu kilichotoka mwishoni mwa 1689, ni fikra na kanuni za kuzaliwa nazo. Uwezo hakuukana. Kukumbuka, kulinganisha, kuhisi, hayo yote akili inayo. Hata mielekeo aliikubali: kutamani raha na kukimbia mateso, kasema maumbile ndiyo yametutia. Karatasi nyeupe, mfano wake wa akili ya mtoto, haina maandishi, sawa, lakini inashika wino. Kaandike juu ya maji ya ziwa uone.

Plato na Descartes, waliodai tunazaliwa na fikra, nawaruka. Leibniz, mwanafalsafa Mjerumani, ndiye aliyemjibu Locke vizuri: akili ni kama marumaru yenye mishipa inayolichora tayari umbo la Hercules, shujaa wa hadithi za kale. Sisi wa Mwanza hatuhitaji marumaru, waulize wanaoponda kokoto. Jiwe lina mshipa wake, ukigonga pembeni unaumiza mkono bure. Bahati mbaya Locke alifariki 1704, Leibniz akaona haya kubishana na marehemu, jibu likalala mpaka 1765, naye keshakufa.

Ila Locke alikuwa ameacha mtego. Kama kuzaliwa na fikra ni kuzaliwa na uwezo wa kuipata tu, basi kila tujualo tumezaliwa nalo, pamoja na bei ya dagaa pale sokoni Mwaloni Kirumba! Leibniz atasema mshipa ni zaidi ya uwezo, ni mwelekeo. Zaidi kwa kiasi gani? Hapo huwa nafuta ubao, naangalia saa.

Kuna jambo jingine linaninyima usingizi. Mwaka 1980 wanasaikolojia DeCasper na Fifer walionyesha kwamba vichanga wa siku chache hubadili mwendo wa kunyonya chuchu bandia ili wasikie sauti ya mama badala ya mwanamke mwingine. Wanafunzi hushangilia, "Si umeona, wamezaliwa nayo!" Wamezaliwa nayo, ndiyo, lakini inaelekea waliizoea tumboni. Kumbe mtu anaweza kuzaliwa na jambo alilojifunza. Miaka mingi nilifundisha kwamba haiwezekani. Wanafunzi wangu wa zamani mnisamehe, mtihani mlishafaulu.