Kwa nini 8 si jibu la kubahatisha

Vikombe 4 vya rangi nyeupe vimechanganywa na vikombe 6 vya buluu. Nikitumia vikombe 6 vya nyeupe, nitie vingapi vya buluu ili rangi itoke ileile?

Ndilo fumbo ninaloanza nalo kwa wanafunzi wa miaka 11 hadi 14. Wengi hunijibu 8: nyeupe imeongezeka 2, basi na buluu iongezwe 2. Jibu ni 9. Zamani nilikuwa naikosoa hiyo 8 na kusonga mbele. Sasa natulia nayo, maana mwanafunzi ameshaona kwamba vitu viwili vinabadilika pamoja, ila amevifungamanisha kwa kujumlisha. Mwanafizikia Robert Karplus wa Marekani alitumia namba hizihizi katika swali lake maarufu la mtu mfupi na mtu mrefu wanaopimwa kwa vifungo na vibanio vya karatasi, na 8 ilijitokeza vilevile.

Nikibadili namba, 4 kwa 8, kisha 12 kwa ngapi, mwanafunzi yuleyule anasema 24 papo hapo. Kuzidisha anakujua. Mara mbili anaiona. Mara moja na nusu inamponyoka, naye anakimbilia kujumlisha.

Njia ninayoipenda kuliko zote huwa wanaibuni wenyewe: 4 kwa 6, nusu yake ni 2 kwa 3, ziunganishe upate 6 kwa 9. Ni ndefu, naam, na namba zikiwa ngumu inachosha. Lakini mtoto anajua kila hatua inamaanisha nini. Akifundishwa mapema mno kuzidisha kimshazari, yaani 4 mara kisichojulikana ni sawa na 6 mara 6, anapata 9 bila kuweza kueleza kwa nini 4 izidishwe na kile asichokijua.

Tena kuna hatari nyingine. Wakimbiaji wawili wana kasi sawa, mmoja alitangulia kuanza. Wa nyuma akiwa amemaliza mizunguko 5, wa mbele amemaliza 15. Wa nyuma akifikisha 30, mwenzake atakuwa na mingapi? Waliotoka kujifunza uwiano huandika 90, na hapa aliyejumlisha ndiye aliyepatia: 40.

Kwa hiyo nayachanganya mafumbo ya aina zote mbili katika karatasi moja, na kabla hawajagusa kalamu nawauliza: hapa ni kipi kisichobadilika? Kwenye rangi, ni uwiano wa 2 kwa 3. Kwa wakimbiaji, ni ile mizunguko 10 iliyo kati yao.