Spishi mpya ya fulu: mpya kivipi, na nani anasema?

Kila habari ikitoka ati wanasayansi wamepata spishi mpya ya samaki Ziwa Victoria, hapa Nairobi lazima mtu aulize, kwani huyo samaki alikuwa amejificha wapi na wavuvi wako ziwani kila usiku? Swali poa sana. Hakuwa amejificha. Mara nyingi mvuvi anamjua, ashamla, na pengine hata wewe ushampita Gikomba upande wa samaki akiwa amekaushwa pamoja na wenzake, wote wakiitwa fulu tu, wale samaki wadogo jamaa ya tilapia (wale wa Mwanza wanasema furu). Kisayansi samaki anahesabika mpya siku ile mtu amemwelezea kwenye maandishi yaliyochapishwa, akampa jina la Kilatini, na akataja ni samaki yupi haswa anabeba hilo jina. Kabla ya hapo anaishi na jina la utani, kama yule wa Uganda ambaye wafugaji wa samaki wa urembo wanamwandika Haplochromis sp. "ruby green". Hiyo "sp." ni kusema jenasi, yaani lile kundi la spishi za karibu, tunaijua ila spishi bado haijapewa jina.

Sasa hilo la "samaki yupi haswa" ndilo watu wengi huruka na ndilo lenye uzito wote. Anaitwa holotaipu. Ni samaki mmoja, mmoja tu, mwenye namba yake, amelala kwenye chupa ya spiriti ndani ya museum fulani, na jina la spishi limefungwa kwake. Wenzake waliovuliwa pamoja naye na kutumika kwenye maelezo wanaitwa parataipu, wanasaidia kuonyesha spishi inabadilika kiasi gani, lakini wao hawana kura ya mwisho. Ni kama taito ya shamba, mkigombana kesho kwamba hili jina ni la nani mnarudi mnaitoa mnaiangalia. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinadai samaki wa kubeba jina atajwe wazi kwa kila spishi iliyotangazwa baada ya 1999, usipomtaja jina lako halina nguvu hata ukiandika kurasa mia. Na ukimpa samaki jina lako mwenyewe hakuna atakayekushtaki, ila utachekwa miaka yote.

Kazi yenyewe iko hivi. Samaki akitoka majini unampiga picha hapo hapo kabla rangi haijakufa, kwa sababu ukishamtia formalini ile nyekundu na buluu inaenda kabisa, anabaki kahawia kama wengine wote. Kabla ya formalini unakata kipande cha pezi unakiweka kwenye spiriti kali kwa ajili ya DNA. Halafu baadaye, mezani, unachukua kalipa unaanza: urefu kutoka ncha ya mdomo hadi mkia unapoanzia (mkia wenyewe hauhesabiwi, unakatika ovyo), kichwa, upana kati ya macho, kina cha shavu. Unahesabu miiba ya pezi la mgongoni na nyuzi laini zinazoifuata, magamba ya mstari wa ubavuni, na kwa eksirei unahesabu pingili za uti wa mgongo. Alafu sehemu ninayoipenda mimi ni koo. Fulu na tilapia wana taya la pili huko ndani kooni, lina meno yake, na ukilitoa ukaliweka chini ya hadubini linakuambia huyu anakula nini bila hata kufungua tumbo: mwenye kuvunja konokono ana meno mafupi mapana kama magego, mwenye kula wadudu ama mwani ana meno membamba. Samaki wawili ukiwaona nje ni pacha, kooni ni watu tofauti kabisa.

Lakini hizo hesabu zote kwa fulu wa Victoria bado zinaweza kukuangusha, na hapo ndipo mambo yanakuwa matamu. Ziwa lilikauka kama miaka 15,000 iliyopita, kisha likajaa tena, na hizi spishi karibu 500 tunazozungumzia zimetengana kwa muda huo mfupi. Ile njia ya kusoma kipande kimoja cha DNA ukapata jina, ambayo kwa wanyama wengi inafanya kazi, hapa inagoma, spishi nyingi zinatoa jibu lile lile.

Angalia wale wawili wa Ghuba ya Mwanza. Mmoja alielezwa 1985 akapewa jina nyererei kwa heshima ya Mwalimu, dume lake ni jekundu mgongoni. Mwingine alielezwa 1998, Pundamilia pundamilia, dume ni la buluu lenye mistari. Majike yao ni kahawia ya manjano na kuwatofautisha ni shida tupu. Mtafiti wa samaki Ole Seehausen na wenzake waliwaweka maabara, kwenye mwanga wa kawaida kila jike likaenda kwa dume la rangi yake, wakawasha taa inayofuta tofauti ya nyekundu na buluu, majike yakaacha kubagua. Na ziwani nako, penye maji machafu wanachanganyika, penye maji safi kila mtu na kwake. Kwa hiyo spishi mbili zinashikiliwa na macho ya jike na usafi wa maji! Mtu akikuambia spishi ni wale wasioweza kuzaana muulize kuhusu hawa, kwa sababu wanazaa vizuri tu na watoto nao wanazaa. Mimi naona ni halali kuwaita spishi mbili, maana wakiachwa kwenye maji safi hawachanganyiki, lakini najua wapo wanaobisha.

Ugomvi mwingine ni wa jenasi. Zamani karibu kila fulu alitupwa kwenye Haplochromis, likawa kapu la kila kitu. Mtaalamu wa samaki Humphry Greenwood wa London akaligawa 1979 na 1980 kuwa jenasi kibao, wengine wakakubali, wengine wakarudi kwenye kapu, ndio maana leo utakuta Pundamilia nyererei pale na Haplochromis nyererei hapa na ni samaki yule yule. Hata tilapia wa kwenye sahani yako ashahamishwa. Ethelwynn Trewavas, naye mtaalamu wa samaki, aliwapanga kwa malezi, kwamba wale ambao mama hubeba mayai mdomoni ni Oreochromis, na wanaotaga chini wakalinda pale pale wabaki Tilapia, kwa hivyo "tilapia" wa hotelini kisayansi sio Tilapia.

Ukitaka kujua kama samaki amehamishwa angalia mabano. Ngege wetu ni Oreochromis esculentus (Graham, 1928). Mabano yanamaanisha Graham alimweleza 1928 lakini chini ya jenasi nyingine, alimwita Tilapia esculenta, na mwisho wa jina umebadilika ili ukubaliane na jenasi mpya. Kusingekuwa na mabano angekuwa bado kwenye nyumba yake ya kwanza. Mbuta naye, Lates niloticus (Linnaeus, 1758), ana mabano. Huyu ndiye aliyeletwa ziwani miaka ya 50 na 60 akamaliza fulu wengi, na baadhi walipotea wakiwa bado na majina ya utani. Waliowahi kuelezwa, chupa zao nyingi ziko London na Leiden, kwa hivyo mtu wa hapa Nairobi akitaka kulinganisha fulu wake na holotaipu anatafuta nauli ama anaomba picha na eksirei. Kitengo cha samaki cha makumbusho yetu ya taifa kina mkusanyiko mzuri, ila hizo chupa za zamani haziko pale.

Na kama unataka mfano wa karibu kuliko Victoria, nenda Magadi. Kwenye chemchemi za moto, maji ya magadi ambayo samaki wengine hawawezi hata dakika, kuna kitilapia kidogo ambacho mtaalamu Boulenger alikieleza 1912 kama Tilapia grahami. Siku hizi wengi wanakiandika Alcolapia, ila DNA inakiweka katikati kabisa ya Oreochromis na wengine wanataka kirudi huko. Kwa hivyo ukisoma karatasi mbili zenye majina mawili usiseme ni samaki wawili, shika lile neno la pili na mwaka, grahami, 1912, hapo hujapotea.